Boksi Katikati ya Waya wa Gaju

Mimi nakaa mapokezi. Kazi yangu ni kuandika jina la mgonjwa, kumwonyesha benchi, na baada ya saa nzima kumtazama usoni anapokuja kuniuliza mbona hajaitwa. Kwa hiyo habari hizi sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na sehemu ya hasira iliyomo ni yangu mwenyewe.

Gaju ni fundi wa mtandao wa kompyuta katika hospitali yetu, hospitali ndogo ya binafsi yenye ghorofa mbili hapa Kicukiro, jijini Kigali. Wazazi wake walikuwa wakimbizi. Yeye alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akaja Kigali akiwa na miaka kumi na minne, na Kinyarwanda cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni. Mimi nimezaliwa Nyamirambo, Kiswahili nimekikuta ndani ya nyumba, lakini nikikosea neno yeye ndiye hunisahihisha: "Yasmina, sema vizuri." Ana miaka arobaini na miwili na binti mmoja, Gwiza, ndiyo maana wengi wetu humwita Mama Gwiza. Anaishi Masaka, katika nyumba aliyoijenga chumba kimoja kimoja, na kila siku hushuka kwenye pikipiki mbele ya lango letu saa moja kasorobo asubuhi, kabla hata sijafungua dirisha langu.

Waya wote wa jengo lile aliulaza yeye. Miaka kumi na moja iliyopita, rangi ya kuta ikiwa bado mbichi, alipanda kwenye dari na tochi mdomoni, akavuta kebo kutoka chumba hadi chumba. Kila kebo aliibandika karatasi yenye mwandiko wake: inatoka wapi, inakwenda wapi, tarehe gani. Taja kebo yoyote, atakujibu bila kwenda kuiangalia. Si mtu wa maneno mengi, na kwenye mikutano hasemi kabisa. Wakubwa wengi hudhani mtu wa namna hiyo hana la kusema.

Shida ilianza Jumatatu moja ya mwezi wa pili.

Picha za eksirei hupigwa chini, hatua chache kutoka mezani kwangu, katika chumba cha Cassien, mpiga picha wetu wa eksirei. Zikishapigwa, mashine huzituma kwa waya hadi seva iliyoko ghorofa ya juu, na daktari huko huzifungua kwenye kompyuta yake. Siku zote mgonjwa alikuwa hajamaliza kufunga vifungo vya shati, picha tayari imefika. Jumatatu ile picha ya kifua cha mzee mmoja iliondoka chini, lakini juu haikufika. Cassien akaituma tena. Ikakatika katikati. Picha ya kidole cha mtoto ikapita bila taabu. Baada yake picha ya uti wa mgongo ikakwama.

"Mtandao," Cassien akasema, akainua simu kumwita Gaju.

Neno hilo lilisemwa hospitalini kwetu kutwa nzima kwa siku saba za kazi, na kila aliyelisema alimtazama Gaju.

Gaju hakukaa chini. Alibadilisha kebo fupi iliyo nyuma ya mashine. Alizima swichi ya ghorofa ya chini, kile chombo kinachokusanya waya za vyumba vyote, akaiwasha upya. Aliiita seva kwa kompyuta ya Cassien. Seva ikaitika papo hapo. Alitoa ile amri ambayo mafundi huitumia kuuliza njia, inayoorodhesha kila kituo ambacho ujumbe unapita. Hakukuwa na kituo kipya. Njia ilikuwa ile ile aliyoijenga. Mwisho akafungua kumbukumbu ambazo swichi hujiandikia yenyewe, na humo akakuta jambo moja tu: Jumapili iliyopita, saa tano na dakika kumi na saba asubuhi, waya mkuu unaounganisha ghorofa ya chini na ya juu ulikatika kwa dakika sita, kisha ukarudi.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Mkurugenzi wetu anaitwa Rodney. Amekulia Kampala, ni mtu nadhifu, na kila sentensi yake huanza kwa Kiingereza hata kama itaishia kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa ofisini kwake nasubiri asaini barua, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mkurugenzi, Jumapili kuna mtu aligusa waya mkuu?"

Rodney hakuinua macho. "Nani aje hospitalini Jumapili kugusa waya? Labda ni umeme."

"Umeme ukikatika swichi nzima inazimika. Hii haikuzimika. Umekatika waya mmoja tu."

"Madamu Gaju, fundi ni wewe. Usitake nikufundishe kazi yako."

Gaju akatoka. Alimwamini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: alimwamini, akarudi kupekua mashine, seva, kebo, kila kitu ambacho hakikuwa na kosa, kwa sababu mkubwa wake alikuwa amemwambia usoni kwamba hakuna mtu aliyegusa waya.

Siku ya nne akaja bibi mmoja anayeitwa Nyiraneza, mwenye kikohozi cha wiki tatu. Nilimwandika saa mbili asubuhi. Cassien akampiga picha ya kifua, haikufika juu. Akadhani haikuhifadhiwa, akampiga ya pili. Nayo haikufika. Nilimwona anamwita bibi arudi ndani avue blauzi kwa mara ya tatu. Gaju wakati huo alikuwa amepiga magoti chini ya meza yangu, kebo mkononi. Aliinuka haraka hata akagonga kichwa kwenye droo.

"Usimpige tena!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Benchi zima liligeuka.

"Picha zake zote mbili zimo kwenye mashine yako," akamwambia Cassien. "Nimeziona kwa macho yangu. Kilichoharibika ni njia ya kuzipeleka. Unamwongezea huyu mama mionzi bure."

"Daktari anataka picha, Mama Gwiza. Mimi nifanyeje?"

"Nitilie kwenye diski."

Akaichukua diski, akapanda nayo ngazi mwenyewe hadi kwa daktari. Tangu saa ile, kila picha kubwa ilipanda kwa miguu yake. Alipanda na kushuka ngazi zile mara arobaini kwa siku, na katikati ya safari hizo ndipo alipotafuta ugonjwa wa mtandao. Nyiraneza alitoka kwetu saa tisa alasiri, saa saba baada ya kufika. Alimshika Gaju mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Urakoze, mwana wanjye," ahsante mwanangu. Gaju hakuweza kumtazama. Aliona haya kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Ijumaa tulikuwa na mkutano wa asubuhi, wafanyakazi wote, kama kila Ijumaa. Rodney alisimama na karatasi. Akaisoma kwa sauti, mbele ya wauguzi, madaktari na wafagiaji: onyo la kwanza na la mwisho kwa fundi wa mtandao, kwa uzembe uliochelewesha huduma na kuhatarisha wagonjwa. Siku tano za kazi za kurekebisha, la sivyo mkataba unavunjwa. Akaongeza, kwa ile sauti ya mtu anayedhani anatania, kwamba huenda teknolojia imewakimbia watu waliosoma zamani.

Wachache wakacheka. Sitawataja, wanajijua.

Gaju alitembea hadi mbele, akachukua kalamu, akasaini kwamba amepokea, akaandika tarehe na saa, akarudi kukaa. Mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu lile swali la Jumapili na lile jibu la umeme, na nilinyamaza, kwa sababu nami nina mkataba. Siombi radhi kwa msomaji. Radhi nilimwomba yeye.

Jumatatu iliyofuata aliacha kubahatisha. Alitengeneza mafaili ya uongo, yasiyo na chochote ndani, kila moja kubwa kidogo kuliko lililotangulia, akayatuma kutoka chumba cha Cassien kwenda kwenye seva. La megabaiti nane likapita. Tisa likapita. Kumi likapita. Kumi na moja likakatika. Akarudia mara tano: kumi linapita, kumi na moja halipiti.

Mchana tulikula pamoja nyuma ya jengo, maharage na ndizi, akanieleza kwa sauti ya chini.

"Waya mbovu haujui kuhesabu, Yasmina. Waya mbovu unakata ovyo, leo hapa, kesho pale. Hiki kinachokata kinajua kumi ni nini. Hiyo ni amri. Mtu ameiandika."

"Nani?"

"Sijui. Ila nitajua."

Alasiri ile aliweka programu ya kunasa mazungumzo pande zote mbili, moja kwenye kompyuta ya mashine chini, nyingine kwenye seva juu, zinakili kila pakiti, yaani kila kipande cha habari kinachotoka na kuingia. Akatuma faili kubwa, likakatika kama kawaida, kisha akachapisha nakala zote mbili akazilaza mezani kwake bega kwa bega. Aliniita nizione. Mimi sijui kuzisoma, lakini kidole chake kilinionyesha.

"Hapa chini, mashine inasema: seva imeniambia nikate simu. Ona, ujumbe huu hapa, una anwani ya seva. Sasa tazama juu. Seva haijawahi kutuma ujumbe huo. Seva nayo inasema: mashine ndiyo iliyoniambia nikate. Na mashine haijatuma." Akaniangalia. "Kila mmoja amepokea neno ambalo mwenzake hakulisema. Kuna mtu katikati, na anasema kwa majina yao."

"Lakini si uliuliza njia, ukaambiwa hakuna kituo?"

"Niliuliza. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kukaa katikati bila kujitaja."

Akanieleza, nami nalieleza kama nilivyolielewa. Kuna chombo cha ulinzi kinachoitwa firewall, ukuta wa moto. Kwa kawaida ukikiweka kwenye mtandao kinakuwa kituo: kina anwani yake, na kompyuta zote huambiwa zipitie kwake. Ukiuliza njia, unakiona. Lakini kuna namna nyingine ya kukiweka. Unakata waya, unachomeka ncha moja upande huu wa chombo na ncha nyingine upande ule. Hapo hakihitaji anwani, na hakuna kompyuta inayobadilishwa chochote. Kwa mashine zote mbili ni kama waya haujakatwa. Nacho kimo, na kila kipande kinachopita hukishika kwanza: kinatazama kimetoka kwa chombo gani kwenda kwa kipi, kama mazungumzo haya yalianzishwa kwa utaratibu, kisha kinafungua ndani na kusoma. Faili hulikusanya vipande vyake kutafuta virusi kabla hakijaliachia lifike mwisho. Kikikuta mazungumzo yaliyofungwa kwa siri hakisomi ndani, lakini kinasoma juu ya bahasha: nani, tovuti gani, saa ngapi, kiasi gani. Na mwenye chombo akiwa amekiambia kwamba faili kubwa kuliko kiasi fulani lizuiwe, kitalizuia, na kitawaambia pande zote mbili wakate, kwa jina la kila mmoja.

"Chombo si kibaya," Gaju akasema. "Mimi mwenyewe nilikiomba miaka mitatu iliyopita, nikaandika barua. Hospitali inakihitaji. Ila nikiweka mimi, ningejua kipo."

Jumanne asubuhi alimfuata Nahimana, mlinzi wa lango. Nahimana ni mzee wa Bujumbura, Kiswahili chake kina mambo ya kwao.

"Mzee Nahimana, Jumapili ile, siku moja kabla ya shida kuanza, nani aliingia?"

"Siku ya Mungu?" Nahimana akakuna kidevu. "Iko kijana moja wa kampuni. Alikuja na gari ndogo nyeupe. Patron mwenyewe, mkurugenzi, alinipigia telefoni, alisema: fungulia yeye, na hapana kuandika ndani ya kitabu."

"Hapana kuandika?"

"Ndiyo vile alisema. Mimi sikuandika. Aliingia na boksi, alitoka bila boksi."

Gaju alimshukuru. Alipopita mezani kwangu uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikwenda akaleta ngazi ya kukunja, akafungua kipande cha dari juu ya ukumbi, akaanza kuufuata waya mkuu kwa mkono, kiganja kwa kiganja. Mimi nilimshikia ngazi. Wagonjwa nikawaambia wanisubiri. Juu ya stoo ndogo iliyo nyuma ya chumba cha mikutano akasimama.

"Kebo hii si yangu."

Ilikuwa nyeupe, haina karatasi. Yake ilikuwa imekatwa, ncha zake mbili zimetiwa vichwa vipya na kuongezewa hiyo nyeupe, zote zinashuka ukutani kuingia stooni. Stoo ilikuwa na kufuli jipya. Kupitia tundu la hewa tuliliona: boksi bapa la kijivu juu ya rafu, taa mbili za kijani zinapepesa. Waya mmoja unaingia, mmoja unatoka, na wa tatu unakwenda kwenye kimashine kidogo cha laini ya simu, ili mwenye kuliendesha aliendeshe kutoka nje bila kupita kwenye mtandao wa Gaju.

Nilidhani atapiga kelele. Alishuka ngazi, akapiga picha kwa simu kupitia tundu lile, akaenda chumba cha Cassien. Alichukua kebo ndefu, akaipitisha ngazini hadi juu, akaichomeka moja kwa moja kwenye swichi ya seva, bila kupitia kwenye boksi. Cassien akatuma picha tano za vifua zilizokuwa zimekwama. Zote tano zilifika kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe.

"Basi," Cassien akasema taratibu. "Siku zote hizi."

Namba ya kampuni ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa boksi. Gaju alipiga. Baada ya saa moja akaja mtaalamu wao, anaitwa Kenny, mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, mkoba begani. Rodney alipomwona akipita mapokezi alishuka mbio. Wakakutana wote watatu mbele ya stoo, na mimi na Cassien hatukuondoka.

"Nani amekuita?" Rodney akamuuliza.

"Fundi wenu, bosi. Kasema picha za eksirei zinazuiwa." Kenny akamgeukia Gaju. "Lakini mbona hamkuniambia mapema? Ningerekebisha siku ile ile."

"Ningekuambiaje kitu nisichojua kipo?"

Kenny akamtazama, akamtazama Rodney. "Hukuambiwa?"

Rodney alikuwa akitazama kufuli la stoo.

"Tumeliweka kwa hali ya uwazi," Kenny akasema, kama anayetaka kusaidia. "Ndivyo inavyoitwa. Mtandao haubadiliki, watumiaji hawaoni kitu, ni uwazi kabisa."

"Uwazi kwa nani?" Gaju akauliza.

Alilisema bila kupaza sauti.

Rodney ndiye aliyejibu. Alisema kulikuwa na washauri wa usalama, na ripoti yao ilisema hatari kubwa hutoka ndani, kwa watu wenye funguo nyingi. Kwa hiyo ilikuwa lazima chombo kiwekwe bila watu hao kujua, kipindi cha majaribio. Ni utaratibu. Si jambo binafsi.

"Watu hao ni wangapi?" Gaju akauliza.

"Madamu Gaju, hilo si..."

"Kenny. Lifungue nione."

Sijui kwa nini Kenny alimtii yeye badala ya mkurugenzi. Nadhani naye alikuwa ameanza kuona aibu. Alifungua kompyuta yake juu ya kreti tupu, akaingia kwenye boksi. Kulikuwa na orodha ya amri. Faili zaidi ya megabaiti kumi: zuia. Hiyo, Kenny alikiri, ilikuja na boksi, hakuigusa, hakujua kama hospitali inatuma picha kubwa kwa njia ile kwa sababu aliambiwa asimuulize mtu. Chini yake kulikuwa na orodha nyingine: kompyuta za kufuatiliwa kwa karibu. Kompyuta moja tu, ya Gaju.

Na chini ya jina lake, siku baada ya siku, kila tovuti aliyoifungua, saa na dakika. Tovuti ya shule ya Gwiza. Tovuti za vifaa. Na kati yake moja, mara nne, mchana wa Jumatano na Alhamisi wakati wa chakula, ambayo sitaitaja hapa, kwa sababu ni mambo ya mwili wake na si ya mtu mwingine. Boksi halikusoma alichokiandika humo. Halikuhitaji. Jina la tovuti peke yake lilitosha kumwambia yeyote aliyetazama.

Gaju alinyoosha mkono akafunika skrini kwa kiganja.

"Ripoti hii inakwenda kwa nani?"

"Kwa bosi," Kenny akasema. "Kila Ijumaa."

Kila Ijumaa. Maana yake asubuhi ile aliposimama mbele yetu na kusoma onyo, Rodney alikuwa na kitu hicho mezani. Alijua boksi lipo. Alijua limewekwa Jumapili, picha zikaanza kukwama Jumatatu. Labda hakujua kwamba hilo ndilo linalozuia, nitampa hilo. Lakini hakutaka hata kuuliza, kwa kuwa kuuliza kungemfichua, na ilikuwa rahisi zaidi kwake bibi Nyiraneza apigwe mionzi mara mbili na mwanamke wa miaka kumi na moja ya kazi aitwe mzembe mbele ya wafagiaji.

"Kenny," Gaju akasema, "ongeza amri. Kutoka mashine ya eksirei kwenda seva, njia hiyo peke yake, ondoa kikomo cha ukubwa. Mengine yote yaendelee kukaguliwa. Na nipe nenosiri la kuliangalia."

"Nenosiri lazima mkurugenzi aruhusu," Kenny akasema.

Wote tukamtazama Rodney. "Mpe," akasema, akapanda zake.

Saa nane mchana eksirei ilikuwa inafanya kazi kama zamani. Wengine wangeishia hapo, wakashukuru Mungu, wakaendelea. Gaju aliketi akaandika barua ya ukurasa mmoja. Aliambatanisha kumbukumbu ya swichi, nakala za pakiti za pande zote mbili, picha ya stoo, na orodha ya wagonjwa kumi na tisa waliopigwa picha zaidi ya mara moja bila sababu. Alitaka mambo matatu: onyo liondolewe kwenye faili lake, lisomwe kuwa limeondolewa pale pale liliposomwa, na wagonjwa wale kumi na tisa waelezwe. Nakala akaipeleka kwa daktari mkuu na kwa wenye hospitali. Mimi niliandika ushahidi wangu wa lile jibu la umeme, nikasaini. Nahimana naye alikuja, akasema hajui kuandika sana, akaomba nimwandikie, akatia sahihi yake ya herufi kubwa.

Siku mbili baadaye Rodney alimwita Gaju, akampa barua inayosema kwamba kufuatia maboresho ya mfumo, onyo limesitishwa. Gaju aliisoma akiwa amesimama.

"Maboresho gani?"

"Ni lugha ya kiofisi."

"Sikuboresha kitu. Niliondoa kizuizi mlichoweka nyinyi. Iandike hivyo."

Ikaandikwa ya pili: kutokana na kutoelewana baina ya idara. Akairudisha. "Mimi sikukosa kuelewana na mtu. Nilikuuliza, ukanijibu umeme."

Ya tatu ilikuja baada ya wenye hospitali kumwita Rodney. Ilisema waziwazi kwamba chombo kiliwekwa bila fundi kujulishwa, kwamba ndicho kilichozuia picha, na kwamba onyo lilitolewa kimakosa. Aliisoma daktari mkuu Ijumaa, si Rodney. Rodney alikaa mstari wa mbele akitazama simu yake. Neno samahani halikumtoka siku ile, na halijamtoka mpaka leo. Bado ni mkurugenzi. Wagonjwa walipigiwa simu na mimi, mmoja mmoja. Wengine walinishukuru, mmoja alinitukana, na nilimwacha anitukane.

Kompyuta ya Gaju imeondolewa kwenye orodha ya kufuatiliwa. Ripoti za wiki zile alidai zifutwe mbele yake, zikafutwa. Kama kuna aliyezisoma kabla, hakuna wa kutuambia. Boksi limebaki. Alilihamisha kutoka stoo, akaliweka kwenye kabati la vyombo pamoja na vingine, akabandika karatasi zake kwenye waya zote tatu, akaing'oa ile kebo nyeupe na kuweka yake. Wiki mbili baadaye lilizuia barua pepe yenye virusi iliyotumwa kwa mhasibu, na Gaju ndiye aliyekuja kutuambia, amefurahi kabisa.

Mwezi uliopita kampuni ya Kenny iliandaa mafunzo ya siku moja kwa mafundi wa hospitali na shule, katika ukumbi mmoja hapa hapa Kicukiro. Gaju alikwenda, nami nilikwenda kwa sababu ilisema wafanyakazi wa mapokezi wanakaribishwa na chakula kipo. Mkufunzi alikuwa mzuri. Alieleza hatua kwa hatua jinsi ya kuliweka boksi kwa hali ya uwazi: kata hapa, chomeka pale, hakuna anwani ya kubadilisha, kazi ya dakika tano. Mwisho akauliza kama kuna swali.

Gaju, yule asiyesema kwenye mikutano, alisimama.

"Umetuonyesha hatua tisa. Hatua ya kumwambia fundi wa pale ni ya ngapi?"

Mkufunzi akarudi nyuma kwenye kurasa zake ukutani, moja moja, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Haikuwepo. Akasema hilo ni suala la wateja wenyewe.

"Hapana," Gaju akasema. "Wewe ndiye unayefundisha. Iandike."

Hakukaa. Ukumbi mzima ulimsubiri mkufunzi. Baada ya muda mtu yule alichukua kalamu nene, akaenda kwenye ubao, akaandika juu kabisa, kabla ya hatua ya kwanza: Mwambie fundi wa pale. Hapo ndipo Gaju alipoketi, akafungua daftari lake, na akaanza kunakili.